Korongo wa Rangi ya Vumbi

Mume wangu aliwanunua korongo wawili barabarani, kwa mtu wa pikipiki aliyewafunga miguu na kuwatia ndani ya kikapu cha makaa, shingo nje. Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi ya baridi. Akaingia nao lupangoni, ndani ya ua wetu hapa Musonoi, akafunga geti kwa kisigino, akaniita niache cherehani nije nione.

"Bibi na bwana," akasema. "Huyu mwenye kuvaa muzuri njo bwana."

Mimi ni mshonaji. Kwa kiumbe chochote, cha kwanza ninachokiona ni kitambaa chake. Yule aliyeitwa bwana alikuwa kamili: shingo ya kijivu kama wingu la mvua, bawa jeupe lenye nyuzi za rangi ya majani makavu, shavu jeupe lenye kiraka chekundu kwa juu, kimfuko chekundu kikining'inia kidevuni, na kichwani taji la dhahabu, gumu kama ufagio mpya. Macho yake yalikuwa meupe yenye ubuluu kidogo. Yule bibi, maskini, alionekana ameshonwa kwa vipande vilivyobaki. Kila nyoya la mgongoni lilikuwa na upindo wa rangi ya kutu. Kisogo kahawia, shavu limefunikwa na vinyoya vya rangi ya uji wa mtama, macho ya kahawia, na taji fupi lililosimama ovyo kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Mwili wake ulikuwa mdogo kidogo, ila miguu ilikuwa mirefu sawa na ya mwenzake.

"Hata kuku ni vile," mume wangu akaeleza. "Jogoo anavaa, muke anatumika. Ile rangi yake ni ya kazi."

"Na wewe unavaa nini?" nikamuuliza. Alikuwa na kaptura yake ya zamani, yenye matobo mawili nyuma. Alicheka mpaka akakohoa.

Sikumuuliza kama ni halali kuwanunua. Nilijua jibu, na yeye alijua kwamba najua. Nilipokuwa msichana kule Kisenge, nyuma ya malundo meusi ya manganizi kulikuwa na dembo, bonde la nyasi na maji, na korongo hawa walishuka pale kwa makundi, wakainamiana, wakarukaruka, wakatandaza mabawa kama watu walioalikwa harusini. Baba yangu alikuwa akituzuia tusiwatupie mawe. Sasa redio inasema wanakwisha, na anayetaka kuwaona anakwenda kuchungulia bustani za hoteli na nyumba za wakubwa, ambako nyasi zinamwagiliwa na ndege wanatembea juu yake wamekatwa mabawa.

Hawa wetu pia walikuwa wamekatwa. Yule mtu wa pikipiki aliyapunguza kwa mkasi manyoya marefu ya bawa la kulia tu, ili ndege akijaribu kuruka apinde upande na kuanguka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo tuliwaacha na kamba kwanza, kisha tukawafungua. Yule wa kijivu alijifunza haraka kuparamia lile tangi bovu la maji na kutoka hapo kwenda kwenye tawi la chini la mparachichi. Ana kidole kirefu cha nyuma, anashika tawi kama kuku, na huko juu ndiko alikolala. Yule wa kahawia alilala chini, karibu na geti, mahali ambapo vumbi la malori huingia lote.

Mume wangu alikufa mwezi wa nane, siku ya Jumapili, akinyoa ndevu kabla ya kanisa. Alikuwa fundi wa pampu mahali wanaposaga upya mabaki ya shaba, na watu waliokuja msibani walingoja kusikia kwamba ameangukiwa na kitu. Hakuangukiwa na kitu. Alishika ukingo wa meza, akakaa chini, basi. Nilimfuta povu la sabuni shavuni kabla sijaita mtu. Tangu dakika ile sikusikia chochote ndani yangu. Nasema hivyo kwa sababu watu huniuliza, na wengi wao hawaridhiki na jibu. Wanataka niseme niligaagaa. Sikugaagaa.

Ndugu zake walikuja kutoka kaskazini, kule mto Lualaba unakojitandaza kuwa maziwa. Ni watu wa kanisa, Biblia wanaijua kunizidi, lakini kwao kifo cha mume hakimtoki mke kwa sala peke yake. Wifi yangu mkubwa alininyoa kichwa, akanivika nguo nyeusi, akanifunga kitambaa cheusi. Kisha akanipa masharti mbele ya watu wote. Nisisalimie mtu kwa mkono. Nisilale kitandani. Nisitie kitana kichwani wala nisijitazame kwenye kioo. Na kubwa kuliko yote, nisivuke mlango wa mama yangu mzazi, maana ningempelekea kifo ndani ya nyumba. Mambo hayo yangeisha siku yeye wifi atakaporudi na majani yake kuniogesha na kunivua ile nguo.

"Tutakuya mbele ya Noeli," akasema. Nikaitikia ndiyo. Wakati ule ningeitikia ndiyo hata kama angesema niende kuishi juu ya bati.

Mama yangu yuko Kisenge, na mambo haya ya kifo anayaamini kuliko hata wakwe zangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogopa. Lakini mama alikuwa na mtoto wa jicho, pande zote mbili. Zahanati walimwambia aende kupasuliwa Lubumbashi, akawajibu kwamba kisu hakitaingia jichoni mwake angali anapumua. Alikuwa amezaa watoto watano, nimebaki mimi. Haja yake ilikuwa moja na aliitaja bila haya: anione kabla hajaacha kuona.

Kila Jumapili alipiga simu kwa msaada wa mtoto wa jirani, kuuliza kama wakwe zangu wameshafika.

"Balisha kufika?"

"Bado, mama."

"Aya. Mi naona bado. Naona kuku. Naona mulango." Kisha anakata, kwa sababu anaamini simu inakula pesa hata mtu akinyamaza.

Mwezi wa tisa vumbi lilikuwa limezidi. Asiyekaa Musonoi hawezi kuelewa. Malori yanapita usiku na mchana, na kufika saa nane kila kitu kimekuwa na rangi moja: bati, shati la mwalimu, mkate, mbwa mweupe wa jirani yangu ambaye hurudia weupe wake mvua zikinyesha tu. Mimi sikuwa na kazi. Hakuna anayetaka gauni lake lishonwe na mjane ambaye hajatolewa kilio. Mikono ilikuwa imelala tu mapajani, na nilikuwa naitazama kama mikono ya mgeni aliyesahau kuondoka.

Asubuhi moja nilimwona yule bibi amelala getini, kahawia mtupu, na mwenzake juu ya tawi anang'aa. Niliudhika. Hilo ni neno kubwa kwa hali niliyokuwa nayo, ndiyo maana nalikumbuka. Niliona jambo liko wazi: ndege wa aina moja, lupango moja, mmoja analala juu ni safi, mwingine analala chini ni mchafu. Nikachukua beseni, sabuni ya unga na maji, nikamwosha.

Alipigana. Alinichana mkono kwa kucha, akanipiga kwa mdomo begani. Lakini maji yalitoka mekundu kwa vumbi, nami nikasema naam, si niliona. Alipokauka alikuwa kahawia vilevile. Kesho yake nikamwosha tena.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Nilikuwa naamka kwa ajili ya hiyo. Nilibadilisha sabuni ya unga nikatumia ya mche, nikasugua nyoya moja moja kwa kidole gumba, ule upindo wa kutu ukabaki palepale. Baada ya muda ndege aliacha kupigana. Akawa anasimama ndani ya beseni, shingo imenyooka, kama mteja anayepimwa kiuno. Baadaye alishinda mchana kutwa akipitisha mdomo kwenye manyoya, kutoka mkiani hadi bawani na kurudi, nikadhani anajikuna.

Jirani yangu ni mama anayeuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na ukuta baina yetu hauzidi kifua. Alinitazama siku nyingi akikoroga sufuria yake. Mwisho alishindwa kujizuia.

"Mama, unatwanga maji mu kinu."

"Ni muchafu," nikamjibu.

"Sawa. Na imbwa yangu utaiosha siku gani?"

Ningepaswa kujua, mimi kuliko yeyote. Doa likitoka kidogo siku ya kwanza, na siku ya pili lisisogee, hilo si doa, ni rangi ya uzi wenyewe. Nimewarudishia wateja nguo mara nyingi kwa maneno hayohayo. Lakini akili ilikuwa haifanyi kazi, ilikuwepo tu.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, kubwa, bila upepo. Yule wa kijivu alijikung'uta kwenye tawi na maji yakamtiririka kama yanavyotiririka kwenye jani la mgomba. Yule wa kahawia aliloa. Aliloa kama kitambaa kinavyoloa, hadi ndani, manyoya yakamshika mwilini nikaona jinsi alivyokuwa mwembamba, fimbo na mifupa. Alisimama kwanza, kisha akapiga magoti, kisha akalaza shingo matopeni.

Nilimbeba ndani. Niliwasha mbabula, jiko letu, nikaweka makaa yote niliyokuwa nayo, nikamfunga kwa kitambaa changu cheusi cha kichwani kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Alikuwa anatetemeka hadi meno yangu mimi yakagongana. Ndipo nilipoelewa kule kujikuna. Ndege hujipaka mafuta yake mwenyewe, anayatoa kwenye kinundu kilicho juu ya mkia, na mimi kila asubuhi nilikuwa nayaondoa kwa sabuni. Yeye anapaka, mimi nasugua. Wiki kwa wiki.

Nikaanza kumkausha nyoya kwa nyoya. Na hapo chini ya manyoya ya kutu vidole vyangu vikakuta vitu vigumu, vijiti vifupi kama vya kiberiti, vimejipanga mgongo mzima. Nilisogeza taa. Vilikuwa mirija ya bluu iliyokolea, ina joto, damu inaonekana ndani. Baadhi ilikuwa imepasuka nchani, na pale ilipopasuka palichomoza kijivu. Kijivu kilekile cha mwenzake, safi, kilichokunjwa bado. Nyoya moja la kutu likanitoka mkononi bila kulivuta. Nililitazama karibu na moto: kahawia kutoka ncha hadi shina, halina hata chembe ya vumbi.

Hakuwa mchafu. Na kama alikuwa bibi au bwana, hilo nalo hakuna aliyelijua, maana tulichokuwa tumekiona wote hakikuwa dalili ya ujike. Alikuwa mtoto. Alikuwa amevaa nguo za utotoni na za ukubwani zilikuwa njiani, kwa wakati wake, kutoka ndani.

Nilitaka kumwambia mume wangu. Niligeuka kabisa na nyoya mkononi, kinywa kimefunguka, nimwambie "bibi yako ni mutoto." Nikaona mkeka wangu na ukuta. Niliumia, mara moja, kama mtu anayejichoma sindano, halafu ganzi ikarudi mahali pake. Ndege aliacha kutetemeka kabla makaa hayajaisha.

Sikumwosha tena. Sasa kazi yangu ikawa kumtazama, na kwa mtu asiye na kazi nyingine hiyo si kazi ndogo. Mgongo ulianza, ukafuata shingo. Alikuwa akijikung'uta na ile mirija inapasuka, ungaunga mweupe unaruka na kutua kwenye gauni langu jeusi. Vinyoya vya uji wa mtama vilidondoka shavuni, ngozi nyeupe ikajitokeza, kisha ule wekundu kwa juu, hafifu mwanzoni kama rangi ya mdomo iliyofutwa. Kidevuni pakaota kimfuko. Taji lilirefuka, likawa dhahabu kuanzia chini kwenda juu.

Manyoya marefu ya mabawa yalichelewa, na hayo ndiyo niliyoyatazama zaidi. Kule kwenye madembo kuna korongo mwingine, mkubwa kuliko hawa, mwenye vipande vya ngozi vinavyoning'inia shingoni. Baba yangu alituambia huyo huyaangusha manyoya ya kurukia yote kwa pamoja, akabaki amejificha mateteni, hawezi kuruka hadi yaote. Huyu wetu hakuwa na haraka ya namna hiyo. Aliangusha moja, akaotesha moja. Vile visiki vilivyokatwa na mkasi vilidondoka kimoja kimoja, vifupi, vimekatika sawasawa kama penseli iliyovunjwa, na mahali pa kila kisiki palitoka nyoya zima. Nilikuwa naviokota visiki hivyo na kuviweka kwenye kopo la vifungo.

Noeli ilipita. Wifi alipiga simu kusema daraja limevunjika. "Pole," nikamwambia. Ikaja Pasaka, akapiga kusema kaka zake hawajapatana nani amsindikize, maana mtu hawezi kuja kutoa kifo peke yake. Nikamwambia sawa. Akasema basi mwezi wa sita, njia zikikauka, bila kukosa.

"Balisha kufika?" mama aliuliza Jumapili.

"Bado. Banasema mwezi ya sita."

Safari hii hakukata simu upesi.

"Kuku siionake tena," akasema. "Mulango naona. Iko nyeupe, inakuwa kama sahani. Mutu akisimama pale namuona."

Jirani yangu alikuwa amesikia, kwa sababu pale kwetu simu ya mtu mmoja ni ya watu wote. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, akaendelea kukoroga. Sikuwakasirikia wakwe zangu, na sikumwonea mama huruma ninayoweza kuiita huruma. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba leo ni Jumatatu, kwamba kuna kitu kinapungua huko Kisenge na mimi nimekaa hapa.

Lile gauni jeusi lilikuwa limepigwa na jua miezi mingi. Rangi nyeusi ya bei rahisi haifi nyeusi. Ilipauka mabegani, ikawa kahawia, ikawa kutu. Jirani alicheka sana siku alipoligundua. Alituita wote watatu, mimi na ndege wawili, tusimame kwenye mwanga.

"Sasa bibi njo nani?" akauliza.

Hakuna aliyeweza kusema. Yule mtoto alikuwa kijivu kizima, taji zima, na urefu alimpita yule aliyeitwa bwana kwa karibu nusu ya kichwa. Macho tu ndiyo yalichelewa. Yalikuwa yakipauka polepole, kahawia ikiondoka, hadi nayo yakawa meupe yenye ubuluu. Watu husema dume huwa kubwa kidogo, kwa hiyo labda bibi wetu alikuwa bwana tangu mwanzo, na bwana alikuwa bibi, au wote wawili mabwana. Manyoya hayakusaidia. Hawa mume na mke huvaa sare.

"Muulize yeye," nikamwambia jirani.

Mwezi wa sita ulifika. Nilifagia, nikatandika mkeka mpya kwa ajili ya wageni, nikanunua unga. Wifi akapiga simu.

"Tuone mwezi ya nane," akasema. "Kaka iko na kazi."

"Ndiyo, wifi," nikasema.

Niliweka simu mezani nikatoka nje. Yule mtoto alikuwa amesimama karibu na geti, mahali pake palepale pa siku ya kwanza. Alitandaza mabawa juani, yote mawili, na nikaona nyoya baada ya nyoya, kulia sawa na kushoto, hakuna hata kisiki kimoja. Geti lilikuwa wazi. Ukuta wetu hata mbuzi anauruka. Akayakunja vizuri mabawa yake, akapiga magoti, akakaa vumbini.

Nilimkasirikia. Hasira ilinipanda kutoka miguuni, sijui ilikuwa imekaa wapi muda wote ule.

"Uko na mabawa yote!" nikampigia kelele. "Yote! Nani atakuya kukuambia uruke? Unangojea nani? Unangojea banani?"

Beseni lilikuwa karibu na mguu wangu. Nikalitupa ukutani kwa nguvu zote, likalia kama kengele ya shule. Ndege aliruka juu, akapiga mabawa mara mbili tatu, mazito, mazima, upepo wake ukanipiga usoni, akatua palepale alipokuwa. Akanitazama kwa jicho lake jipya.

Upande wa pili wa ukuta kijiko cha munkoyo kilikuwa kimesimama.

"Mama," jirani akasema taratibu, "unasemaka na nani?"

Niliokota beseni, ukingo wake umebonyea, nikaingia ndani nikatoa mfuko wa safari uvunguni mwa kitanda ambacho sikuwa nimekilalia karibu mwaka mzima.

Jirani alikubali kuwalisha korongo. Aliuliza kama ayakate tena yale mabawa, mkasi anao. Nikamwambia asikate. Akauliza je, wakienda. Nikamwambia wakienda, wameenda. Kuhusu safari yangu hakuuliza kitu, alinijazia tu chupa ya munkoyo, na aliponipa aliushika mkono wangu wazi mbele ya watu. Nilikuwa sijashikwa mkono tangu mazishi.

Njia ya Kisenge ni ndefu, unapita Mutshatsha na Kasaji, nami nilipanda lori la magunia. Nilikuwa naogopa. Hilo nalisema waziwazi pia: si kwamba niliamka mwanamke shujaa. Nilifikiri kama mama akifa wiki hiyo, watajua nani amempelekea kifo, na mimi pia nitajua. Mara mbili nilitaka kumwambia dereva anishushe. Nguo yangu ya kutu ikazidi kuwa kutu, na nilipofika hakuna aliyeweza kusema ipi ni rangi na lipi ni vumbi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, ameelekea mlango wa ua. Nilisimama nje ya mlango, sikuingia. Alikuwa amedhoofika. Alinyanyua uso na macho yake yakanielekea, meupe yenye ubuluu, hayapepesi, yakapita juu ya bega langu.

"Nani pale?"

"Ni mimi, mama."

Hakusimama. Mikono yake ilishika magoti.

"Balikuosha?"

"Hapana. Habakufika, mama. Nilikuya vile niko."

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa na haki ya kufukuzwa, kwa sheria yake mwenyewe. Kuku alipita katikati yetu, akasimama, akaendelea.

"Kuya karibu," mama akasema. "Mi ni mutu ya kuogopa kifo tena?"

Nikavuka mlango, nikapiga magoti mbele yake. Alinipapasa uso, akashuka mabegani, akapanda tena hadi kwenye kitambaa. Akakifungua. Sikuwa nimekitazama kichwa changu kwenye kioo tangu kinyolewe, masharti hayakuruhusu na mimi sikuwa na haja. Vidole vyake viliingia kwenye nywele hadi vikapotea.

"Ni mingi," akasema. "Nani alikutunzia?"

"Hakuna mutu. Iliota tu."

Aliendelea kupapasa, polepole, kutoka mbele kwenda kisogoni na kurudi, kama mtu anayetafuta chawa. Kisha akasema, bila kulaumu, kwa sauti ileile ya kwenye simu:

"Mu mwezi ya tatu nilikuwa naona bado. Nilikuwa naangalia mulango."

Nililia. Nililia kwa sauti mbaya, kubwa, jirani zake wakaja hadi uani wakidhani amekufa. Nilimlilia yeye na macho yake, nikamlilia mume wangu na kaptura yake, nikalia kwa ajili ya ile miezi niliyokaa nikisema ndiyo wifi. Mama hakuninyamazisha. Aliponiona, au tuseme aliponisikia, nimepungua, akanivuta nikae katikati ya magoti yake kama nilipokuwa mdogo, akaitisha kitana na mafuta, akaanza kunisuka.

Alisuka kwa kupapasa. Mistari ilikwenda kombo, mmoja ukapanda juu ya mwingine, na upande wa kushoto alisahau kipande kizima. Mwanamke mmoja wa pale jirani alicheka, akasema nisogee kwake aifumue anisuke vizuri. Nilimwambia aiache.